Goti la Mbwa Lina Tiba Tangu Zamani. Mbona Haijafika Makindu?

Kuna neno la Kiswahili ambalo nina hakika wengi wenu hamjawahi kulitumia: kilegesambwa. Ndiyo ile pia ya goti, kale kamfupa ka mbele unakoweza kukasukuma kando ukinyoosha mguu na kuulegeza. Mimi ni mtu wa kamera, si mtu wa isimu, lakini ukilisikiliza hilo neno unasikia kulegea na unasikia mbwa. Na hiyo ndiyo mada ya leo: mbwa waliolegea hapo kwa goti, na kwa nini huku Makindu tunawaangalia tu.

Mwezi uliopita niliposti video ya kambwa keupe kanakimbia karibu na barabara ya Mombasa. Kanakimbia vizuri, halafu mguu wa nyuma unapanda juu, kanaruka hatua mbili tatu na miguu mitatu, kanarusha mguu kando, kisha kanaendelea kama hakuna kitu kimetokea. Video ilienda sana. Komenti karibu zote zilikuwa za kucheka. "Anapiga densi." "Huyu anataka gengetone." Mtu mmoja tu, ambaye anasomea udaktari wa mifugo, aliandika: huyo mbwa pia ya goti inatoka mahali pake, na hiyo inafanyiwa upasuaji. Nilikaa na hiyo komenti siku nzima. Niliacha chuo mwaka wa pili, lakini kusoma sikuacha, na nimesoma hii kitu mpaka mama akaniuliza kama sasa nimekuwa daktari wa ng'ombe.

Wacha nieleze kwanza venye goti linafanya kazi, ndio tuelewane.

Mwisho wa mfupa wa paja kuna mfereji. Pia ya goti inateleza ndani ya huo mfereji, juu na chini, kila mbwa anapokunja na kunyoosha mguu. Imeshikwa na ukano mmoja mnene ambao unashuka hadi kwa kanundu kadogo mbele ya mfupa wa muundi. Sasa, kwa mbwa wengine, hasa wa mbegu ndogo, mfereji ni mfupi kwa kina, na kale kanundu kamekaa upande wa ndani kidogo kuliko inavyofaa. Msuli wa paja ukivuta, unavuta pembeni. Pia inaruka ukingo na kutokea ndani ya mguu. Mbwa anabaki na mguu umekwama, anauinua, anaurusha, pia inarudi. Hiyo ndiyo "densi" yenu.

Kila ikiruka inakwaruza gegedu. Miaka ikienda goti linavimba, linauma, na ule ukano mwingine wa katikati ya goti unaweza kukatika. Paka pia wanapata, ila ni wachache zaidi. Mbegu ya Devon Rex inatajwa sana, lakini hata paka wa kawaida anaweza, na paka ni msiri: atapunguza tu kuruka juu ya meza na wewe utafikiri amekuwa na adabu.

Madaktari wanaupima ugonjwa huu kwa gredi nne. Gredi ya kwanza, pia inatoka ukiisukuma na inarudi ukiiachilia. Ya pili, inatoka yenyewe na kurudi yenyewe. Ya tatu, imetoka muda mwingi lakini unaweza kuirudisha kwa mkono. Ya nne, imetoka na hairudi, na mara nyingi mguu wenyewe umepinda. Huo mpangilio ulitoka kwa utafiti wa Putnam kule Guelph, Kanada, mwaka 1968, na mwaka uliofuata Mwingereza anayeitwa Singleton akauweka pamoja na maelezo ya upasuaji. 1968, wasee. Nyanya zetu walikuwa wasichana.

Na hata hao hawakuanza na sufuria tupu. Upasuaji wa goti la mbwa ni mtoto wa upasuaji wa goti la binadamu. Mwaka 1888 daktari Roux wa Uswisi alieleza jinsi ya kumtibu mtu ambaye pia ya goti inamtoka kila mara: legeza upande mmoja, kaza upande mwingine, sogeza ukano. Goldthwait wa Boston akaendeleza wazo la kusogeza ukano. Halafu mwaka 1938 Hauser, pia Marekani, akachapisha njia yake ya kuhamisha mahali ukano unaposhikana na mfupa wa muundi.

Hapo 1938 ndipo niliposimama, kwa sababu huo mwaka kila Mkamba aliyekaa na wazee anaujua kwa sababu nyingine kabisa.

Mwaka 1938 serikali ya mkoloni iliamua kwamba Wakamba wana ng'ombe wengi kupita kiasi na ardhi inaharibika. Wakaanza kuwachukua kwa nguvu na kuwauza kwa bei ya kutupa, na kiwanda cha nyama cha Liebig's pale Athi River kilikuwa kinangoja. Watu wakakataa. Wakatembea hadi Nairobi, wanaume, wanawake na watoto, wakapiga kambi wiki kadhaa wakitaka kusikizwa na gavana. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa na kupelekwa Lamu, lakini serikali ikarudi nyuma. Tulishinda hiyo.

Sasa mbona naleta ng'ombe kwa mambo ya mbwa? Kwa sababu ukitaka kuelewa mbona hakuna mtu wa kuangalia goti la mbwa Makindu, lazima uulize mtu wa serikali anayehusika na wanyama alikujaga huku kufanya nini. Jibu ni kwamba alikuja kuhesabu, kupunguza, kuchanja na kuua. Alikuja kwa sababu ya kundi. Mnyama mmoja mwenye jina hakuwa kwenye vitabu vyake.

Angalia hata wanyama wa porini. Kati ya 1944 na 1946, serikali ilitaka kufungua ardhi ya Makueni watu wakae, na msitu ukawa umejaa ndorobo na vifaru. Wakamtuma mwindaji J. A. Hunter. Aliua vifaru karibu 1,000. Huyo ndiye Hunter wa Hunter's Lodge pale Kiboko, mahali mnaenda kupiga picha za harusi. (Siku nyingine nitaandika hiyo stori peke yake, kwa sababu inaniudhi.)

Mbwa naye aliingia kwenye vitabu vya serikali kwa mlango mmoja tu: kichaa. Kisa cha kwanza cha kichaa cha mbwa kuthibitishwa Kenya kilikuwa mwaka 1912, mbwa wa pembeni mwa Nairobi. Tangu hapo, sheria, pesa na watu wote walioguswa na mbwa waliguswa kwa sababu ya kichaa. Na Machakos, ambayo ilikuwa bado imetubeba sisi hadi Makueni ilipogawanywa mwaka 1992, ikajulikana kwa miaka mingi kama ngome ya huo ugonjwa. Kwa hivyo mbwa wa Ukambani, ngiti wetu, akawa na sehemu mbili tu za kwenda: kwa sindano ya chanjo au kwa risasi na sumu.

Silaumu. Kichaa kinaua, na kinaua watoto zaidi. Mkakati wa kitaifa wa kumaliza kichaa kufikia 2030 ulipotoka mwaka 2014, Makueni na Kitui zilikuwa miongoni mwa kaunti za kwanza kuchaguliwa, na lengo ni kuchanja mbwa asilimia 70. Hiyo kazi ni ya maana na wale wanaoifanya kwenye jua la Makindu, na hilo jua mnalijua, wanastahili heshima. Ninachosema ni kwamba mlango mmoja ukizoeleka, watu wanasahau nyumba ina milango mingine.

Na msiniambie ni kwa sababu Kenya hatuna akili hiyo. Chanjo ya sotoka iliyosaidia dunia nzima kumaliza ule ugonjwa wa ng'ombe, ilitengenezwa na Walter Plowright na wenzake pale Muguga, karibu na Kabete, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 2011 sotoka ikatangazwa imeisha duniani, ugonjwa wa pili katika historia kufutwa kabisa baada ya ndui. Hiyo ilitoka Kiambu, si Ulaya. Kitivo cha udaktari wa mifugo cha Kabete kilifunguliwa mwaka 1962. Yaani wakati Putnam anaandika gredi zake Kanada, Kabete tayari ilikuwa inafunza madaktari. Elimu haikuchelewa kufika Kenya. Ilifika Kabete na ikakaa Kabete.

Miaka ya nyuma, daktari wa mifugo akimaliza masomo serikali ilikuwa inamwajiri moja kwa moja na kumpeleka mashinani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 hiyo ikasimama. Wafadhili walitaka serikali ipunguze matumizi, kwa hivyo daktari akaambiwa ajitegemee. Daktari anayejitegemea anaenda wapi? Anaenda kwa maziwa, na anaenda kwa pesa. Kiambu kuna ng'ombe wa gredi. Karen na Lavington kuna mbwa wenye wenyewe wa kulipa. Makindu kuna mbuzi, punda, na ukame. Josho zilikauka, na katiba ya 2010 ilipoleta kaunti, kaunti ikarithi huduma iliyokuwa imebaki mifupa.

Sasa turudi kwa upasuaji wenyewe, kwa sababu hapa ndipo watu wananidanganya eti ni kitu cha mashine za mamilioni.

Daktari anamlaza mbwa kwa dawa ya usingizi na kufungua goti. Kitu cha kwanza ni kuangalia mfereji. Kama hauna kina, anauchimba. Zamani walikuwa wanaukwangua tu, na hiyo ilikuwa inaondoa gegedu yote, ile ngozi laini ya kiungo. Mwaka 1985 Slocum na Devine, wa Marekani, wakatoa njia ya akili sana: unakata kipande cha umbo la kabari kwa msumeno mwembamba, pamoja na gegedu yake juu, unakitoa, unachimba chini zaidi, kisha unakirudisha. Mfereji umezama na gegedu imebaki. Karibu mwaka 2000 wengine wakabadilisha kabari ikawa kipande cha mstatili, ambacho kinabakisha gegedu nyingi zaidi. Ni useremala, buda. Useremala wa heshima.

Kitu cha pili, na madaktari wengi wanasema ndicho kikubwa, ni kale kanundu ka muundi. Kanakatwa, kanasogezwa upande wa nje hadi msuli, pia na ukano viwe kwenye mstari mmoja, kisha kanapigiliwa na pini moja au mbili za chuma, wakati mwingine na waya. Mwisho, tishu za ndani zilizokaza zinalegezwa, na za nje zilizolegea zinashonwa zikaze. Ni lile wazo la Roux la 1888, kwa mguu wa kilo tatu.

Vifaa vyake ni msumeno mdogo, pini, waya, uzi, picha ya eksirei, dawa ya usingizi na ya maumivu, na mtu aliyefunzwa. Hicho cha mwisho ndicho ghali. Pini zinaweza kusogea, pia inaweza kutoka tena, na mbwa mwenye gredi ya nne hana uhakika kama wa gredi ya pili. Kisha ni wiki sita hadi nane za kumzuia asikimbie wala kuruka. Nani huku kwetu amewahi kumfungia mbwa wiki nane bila majirani kuuliza amekosea nini?

Na si kila mbwa anahitaji kisu. Gredi ya kwanza ambayo haiumi, unamwacha na kumchunga uzito. Nasema hivi ili mtu asikimbie kuuza mbuzi kesho asubuhi.

Nilimsomea susu hizi zote. Susu wangu ana zaidi ya miaka sabini na hana muda wa upuuzi. Aliniangalia, akaniuliza, "Mwanangu, upasuaji wa ngiti?" Halafu akanikumbusha Nikw'a Ngwete, ile njaa ya 1984. Jina lenyewe linamaanisha kufa ukiwa umeshika pesa mkononi, kwa sababu pesa zilikuwepo kidogo na chakula cha kununua hakikuwepo. Huo mwaka, akasema, mbwa alikuwa anajitafutia au anakufa, na hakuna mtu alilia. Wakati Slocum anakata kabari zake Amerika, Ukambani ndiyo kwanza ilikuwa inaamka kutoka kwa hiyo njaa.

Sina jibu la kumshinda susu, na sikutaka kumshinda. Ako sawa kwamba kuna watu Makindu wanaongoja kufanyiwa goti lao wenyewe. Lakini hoja yangu sio kwamba kaunti inunue pini za mbwa kabla ya dawa za watu. Hoja yangu ni kwamba huyu mbwa anayeruka si yule mbwa wa susu wa 1984. Yule alikuwa wa kienyeji, miguu mirefu, amechujwa na jua na fisi vizazi kwa vizazi. Mwenye goti bovu hakufika kuzaa. Huyu mweupe wa video ni Japanese Spitz, au nusu Spitz, na hakuzaliwa na historia ya huku.

Spitz walitengenezwa Japani kuanzia miaka ya 1920 na kupata viwango rasmi mwaka 1948. Leo Kenya ni mbwa wa kila mtu aliyehamia apatimenti: mdogo, mweupe, picha zinatoka poa. Pamoja na Chihuahua, Pomeranian na Yorkshire Terrier, ni miongoni mwa mbegu zinazojulikana kwa hili tatizo la goti, na tatizo linarithiwa. Daktari yeyote atakwambia mbwa mwenye goti hili asizalishwe. Lakini wanazalishwa, uwanjani na kwenye vyumba vya kupanga, mama mmoja mara mbili kwa mwaka, na watoto wanapakiwa kwenye katoni na kutumwa kwa basi hadi Emali, Makindu, Kibwezi, Voi. Binamu ako Nairobi anamletea mama yake Krismasi. Ndivyo yule mweupe alivyofika.

Hiyo kwangu ni historia ileile ikijirudia kwa sura nyingine. Mwanzo mnyama alikuwa anaondolewa huku bila sisi kuulizwa. Sai mnyama analetwa huku bila yule daktari wake, na ugonjwa wake ukiwa ndani ya mfupa, na faida inabaki kwa muuzaji. Mwenye yule mbwa, mama mmoja jirani yetu, alimpeleka mahali fulani, sitataja ni wapi, na alichoambiwa ni mpige sindano alale au zoea. Hakuna aliyemwambia kuna upasuaji. Hakuna aliyemwambia gredi. Angeambiwa, na akataa kwa sababu hana hizo pesa, huo ungekuwa uamuzi wake. Yeye alinyimwa hata kukataa.

Kwa hivyo nataka vitu viwili, na vyote ni vya bei rahisi kuliko kelele mtakazonipigia kwa komenti.

Cha kwanza ni kwa nyinyi mnaonunua. Kabla hujatuma M-Pesa, omba video ya mama na baba wa huyo mtoto wakikimbia na wakipanda ngazi, ukiangalia miguu ya nyuma. Uliza kama daktari amewahi kuwashika magoti. Nimeuliza wauzaji watano wiki hii nikijifanya mteja. Wanne walinijibu na bei. Wa tano alisema mbwa wake wana "damu ya Kijapani safi", ambayo, ukinielewa mpaka hapa, ndiyo shida yenyewe.

Cha pili ni kwa watu wa kaunti. Siku ya chanjo ya kichaa ndiyo siku pekee mbwa wa Makindu wanaguswa na mtu aliyesomea wanyama. Simwambii mtu amkamate mguu mbwa wa boma anayetoa meno. Lakini wale wadogo wanaobebwa mikononi kama watoto wanajulikana kwa macho, na kuhisi pia ya goti ni kazi ya dakika moja kila mguu: nyoosha, sukuma, sikiliza. Akikutwa na goti bovu, mwenyewe aambiwe asimzalishe, apunguziwe ugali, na aambiwe kwamba Nairobi kuna watu wanaolirekebisha. Nimetoa kadi ya chanjo ya mbwa wetu nikaiangalia. Chini ya mhuri kuna nafasi tupu, inatosha kabisa kuandika namba moja kati ya moja na nne.